Jioni Zilimnogea Bi Sabra

Delphine alikuta maharage yamekwisha kumenywa.

Alikuwa ameyaacha barazani na maganda yake, kando ya karai la bati, akaingia ndani mara moja kuzima jiko. Aliporudi, yalikuwa yamelala karaini, mabichi, safi, na maganda yamepangwa juu ya gazeti, yote yameelekea upande mmoja kama samaki wa sokoni. Akacheka. Port Amity majirani ndivyo walivyo: watakusafishia kaa, watakuanulia nguo, na wakiwa hapo hapo watafunua masufuria yako wajue unakula nini.

"Ahsante, nani huyo?" akaita kuelekea uani.

Hakuitikiwa na mtu. Ila lile benchi refu la barazani, ubao mmoja tu unaonesa ukikaliwa, lilikuwa bado linapanda na kushuka taratibu, na upepo siku hiyo haukuwapo hata wa kutikisa utandu wa majani ya kijivu unaoning'inia kwenye miti ya mialoni.

Nyumba ile ya Water Street ilikuwa ya shangazi yake, Bi Sabra Mazyck, aliyezikwa majira ya kuchipua. Mwanamke huyo alijua kuishi. Mchana alishona, alipika, aligombana na mchungaji. Lakini maji yakianza kujaa kwenye mabwawa ya chumvi na kijiupepo kuingia, basi, dunia isimame. Aliketi barazani na maharage yake, ugoro umevimbisha mdomo wa chini, akapungia mkono kila gari na kila mpita njia, hata wale watalii wanaopiga picha nyumba za watu kama wanazinunua. Akishapunga alisema kwa sauti ya chini: huyu kabadilisha kanisa, yule kabadilisha mume, na huyu ndiye mume mwenyewe. Wanawake wenzake walipozungumza habari za mbinguni, yeye aliguna. "Huko kuna baraza?" aliuliza. "Kama hakuna, mtanikuta hapa hapa." Watu wakacheka sana. Hawakujua kwamba hakuwa anatania.

Delphine alirithi nyumba, akaja kutoka Atlanta na watoto wake pacha wa miaka minne, Pearl na Opal, baada ya baba yao kugundua ghafla kwamba anahitaji nafasi ya kupumua. Nafasi yenyewe, kama ilivyokuja kujulikana, ilivaa viatu vya kisigino kirefu. Tusiende huko. La maana ni kwamba Delphine alipata raha Port Amity. Asubuhi alinunua kamba gatini, bado wanarukaruka, akawapika na uji mzito wa mahindi. Watoto walifukuza kaa wadogo matopeni mpaka soksi zao zikawa rangi moja na bahari. Ijumaa kanisa lilikaanga samaki. Alianza kuimba akifua, jambo ambalo hakulifanya tangu usichana.

Kisha Pearl akaacha kucheza.

Kila jioni, saa ile ile ya Bi Sabra, Opal alikimbia uani na Pearl akapanda kwenye benchi, miguu ikining'inia, akaketi karibu na ukingo, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi kubwa. Akapungia magari. Akanong'ona. Mamake alipomwita chakula alisema ameshiba, bibi amemlisha.

"Bibi yupi, mpenzi?"

"Bibi Sabra. Anasema yule mwenye kofia anamwibia mkewe sukari."

Delphine akataka kucheka, ila pua yake ilinasa harufu: kafuri na ugoro, na chini yake harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa karibuni. Akamshika mtoto mikono. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama iliyolowekwa siku nzima, na kucha zote zilikuwa kijani, kijani cha mtu anayemenya maharage kutwa. Na nyumbani, tangu siku ile ya karai, hakuwa amenunua maharage tena.

Daktari hakuona kitu. Akapima damu, akapima mapafu, akasema mtoto ale vizuri. Pearl akazidi kuwa mwepesi. Ukimbeba ulihisi umebeba nguo zake tu.

Siku moja Delphine hakuweza tena. Aliwafunga pacha garini bila hata kufunga mlango wa nyumba, akaendesha kuelekea Atlanta, na walipofika katikati ya daraja lile refu, mji ukiwa nyuma yao na maji yakimeta pande zote mbili, Opal akapiga kelele, na Delphine akageuka, akamwona Pearl ameinamisha kichwa, midomo imekuwa ya kijivu, kifua kimetulia kama cha mwanasesere, akageuza gari palepale katikati ya honi na matusi ya watu, na magurudumu ya mbele yalipogusa tu barabara ya Port Amity mtoto akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akasema kwa huzuni, "Mama, umenichelewesha barazani."

Alikwenda moja kwa moja kwa Lemuel, mdogo wake Bi Sabra, shemasi wa kanisa, mtu wa masihara hata msibani. Safari hii masihara yalimkauka.

"Ba'mdogo, ananichukulia mtoto."

"Haiwezekani. Tuliwapitisha."

Ni desturi ya pale. Mzee akifa, watoto wadogo aliokuwa akiwapenda hupitishwa juu ya jeneza lake, kutoka mikono ya huyu kwenda mikono ya yule, ili asiwarudie. Delphine alikuwa ameibeza. Alisema si watu wa kale sisi. Lakini akina mama wa kanisa walimkodolea macho, akakubali.

"Niliwapitisha mwenyewe," Lemuel akasema. "Mvua ile ilitushukia, miavuli imejaa, tukaharakisha. Mmoja, halafu mwingine. Nawe ukawavika nguo zinazofanana, ingawa Sabra akiwa hai alikukataza."

Opal, aliyekuwa akinyonya gumba pembeni, akalitoa mdomoni.

"Mimi niliruka mara mbili," akasema kwa fahari. "Pearl alikuwa chini ya meza ya keki."

Lemuel akakaa chini. Hakukuwa na kiti pale alipokaa.

Mganga wa mizizi aliyeletwa na Lemuel kutoka kisiwa cha jirani aliitwa Bi Vashti, mwanamke mnene, wigi la zambarau, rangi ya mdomo ya kumechisha, na kifeni cha betri alichojipepea nacho usoni. Watu wa Water Street wote ghafla walikuwa na maua ya kumwagilia. Alipanda barazani, Delphine na Lemuel nyuma yake, akatazama dari, iliyopakwa ile buluu hafifu ambayo kila nyumba ya zamani pale hupakwa ili mizimu idhani ni maji, isivuke.

"Rangi nzuri," akasema. "Imepakwa lini?"

"Mwaka juzi. Shangazi mwenyewe alipaka."

"Basi, mwanangu, buluu inazuia mzimu mgeni. Mwenye nyumba atazuiwa na nini?"

Akalikaribia benchi. Hakukaa. Ubao ulikuwa umebonyea pale ambapo hapakuwa na mtu, na joto la hewa likabadilika likawa ubaridi wa shimoni, harufu ya kafuri ikapanda mpaka macho yakamwuma.

"Sabra," akasema taratibu, kama anayezungumza na mwenye mimba, "mwachie mtoto huyu. Hana makosa."

Ndani ya nyumba, kitandani, Pearl akacheka. Kicheko kilikuwa cha mwanamke mzima mwenye ugoro mdomoni.

Delphine akapiga magoti kwenye mbao za baraza. "Niambie la kufanya. Lolote. Nitachoma nyumba."

"Ukichoma nyumba atahamia kwa mtoto moja kwa moja. Nyamaza unisikilize. Atapitishwa juu ya kaburi, kesho, saa yake anayoipenda. Lakini kaburi si jeneza. Juu ya jeneza mikono hupokezana. Juu ya kaburi mikono haikutani. Wewe utasimama huku, Lemuel kule, na utamwachia kabla Lemuel hajamshika."

"Nimtupe mtoto wangu?"

"Sijasema umtupe. Umwachie. Aliye chini ndiye atakayemshika katikati, ndiye atakayeamua ampeleke wapi."

"Na akiamua kubaki naye?"

Bi Vashti akazima kifeni. Wote watatu walisikia, pale kwenye benchi tupu, tak, tak, tak, kama maharage yanayodondoka kwenye bati.

Makaburi ya watu wao yako ukingoni mwa bwawa la chumvi, chini ya mialoni, kila kaburi limepangwa makombe ya chaza na kikombe cha mwisho alichonywea marehemu. Jua lilikuwa bado lipo. Kijiupepo kilikuwa kimeanza. Ilikuwa, Mungu asamehe, jioni nzuri kuliko zote za mwaka ule, jioni ya kumfanya hata maiti atamani kutoka.

Delphine alisimama upande wa kichwa, Pearl mikononi, macho ya mtoto yamegeuka meupe, pumzi ikija mara moja moja kama mtu anayekumbushwa kupumua. Lemuel alisimama upande wa pili, amenyoosha mikono mpaka mabega yanatetemeka. Kati yao palibaki nafasi ya mtoto mzima.

"Sasa," akasema Bi Vashti.

Vidole vya Delphine havikufunguka. Aliviamuru, havikusikia. Aliurudisha mwili wa mtoto kifuani.

"Siwezi. Ba'mdogo, siwezi!"

"Delphine, tazama midomo yake! Mwachie!"

"Ataanguka!"

"Ameshaanguka zamani, mwanangu," akasema Bi Vashti. "Wewe umeshika nguo."

Na hapo Delphine, akiwa amesikia kifua cha mwanawe kikitulia kama kilivyotulia darajani, akijua kwamba hakuna barabara ya kugeuza gari tena, akainama, nywele zake zikagusa makombe ya chaza, akaliambia kaburi jambo kwa sauti ya chini kabisa, maneno machache ambayo Lemuel hakuyasikia na Bi Vashti hakuyasikia na mji mzima umeyauliza tangu siku ile bila kuyapata, kisha akainuka, akanyoosha mikono juu ya udongo ule ambao bado haujashuka, akafumba macho, na vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Pearl hakuanguka.

Alikaa hewani. Lemuel ameapa mbele ya kanisa zima: mtoto alilala hewani juu ya kaburi, nguo imebonyea chini ya mgongo na chini ya magoti kama mtu amembeba, kichwa kimeegemea bega ambalo halipo, na kafuri ilinuka mpaka ndege wakaruka kutoka mialoni, na muda huo wote mamake amesimama mikono wazi, mdomo wazi, mpaka mtoto akaanza kusogea, polepole, bila kuyumba, akawekwa mikononi mwa Lemuel kama mtu anavyomrudishia jirani mtoto aliyelala.

Alikuwa mzito. Lemuel alipepesuka kwa uzito wake, akalia kama mtoto mwenyewe.

"Nina njaa," akasema Pearl.

Jioni hiyo alikula kamba na uji mpaka akalamba sahani, akapigana na Opal kwa ajili ya kijiko, na Delphine akawatazama wakipigana kama anayesikiliza kwaya. Kucha za mtoto zilikuwa safi. Alipomaliza, Pearl akafuta mdomo kwa mkono.

"Bibi amenituma kwako, mama. Amesema umeomba vizuri. Amesema sawa."

Lemuel aliacha kutafuna. Bi Vashti alikuwa akikusanya vitu vyake mlangoni. Akageuka, akamfuata Delphine mpaka karibu, akanusa, kama mtu anayenusa maziwa.

"Ulimwambia nini pale?"

"Nilisali."

"Hiyo si pumzi ya mtu aliyesali," Bi Vashti akanong'ona. "Inanuka ugoro."

Delphine alitazama watoto wake. "Wanakula," akasema. "Umewaona wanavyokula?"

Bi Vashti akavaa viatu, akashuka ngazi. Hakutaka hata kikombe cha chai, na mwanamke yule, ulizeni kisiwa kizima, hajawahi kukataa kikombe cha chai.

Kiangazi kimepita, na kingine kimeingia. Pacha wananenepa. Delphine hauzi nyumba, haendi Atlanta, na kwenye samaki wa kanisa haonekani. Saa ile ya Bi Sabra huwa barazani, ameketi karibu na ukingo wa benchi, anapungia kila gari. Amepungua. Amejua habari za kila mtu, hata za watu waliokufa kabla hajazaliwa.

Jumapili iliyopita watoto waliona kobe akipanda kutoka kwenye bwawa, wakapiga kelele kutoka chini ya bustani, "Mama! Njoo! Njoo umwone, ana mayai!" Delphine akaangaza uso kama alivyokuwa zamani, akainuka nusu. Upindo wa gauni lake ukanyooka nyuma yake, ukakazana, na hapakuwa na msumari wala mtu. Akasimama hivyo hivyo, nusu. Kisha akaketi tena, polepole.

"Mtazameni nyinyi, wanangu!" akaita, na sauti yake ilikuwa ya furaha, kwa sababu watoto walikuwa wamegeuka wanamtazama. "Mama anawaona vizuri akiwa hapa."