Uliyesoma Kila Ukurasa

"Mama, kaa kwanza. Usisimame hapo, utaanguka."

"Nianguke kwa nini? Kuna msiba?"

"Kaa, nimesema."

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. Binti yangu alikuwa anahema, koti la baridi bado hajavua, kitabu kipya amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akakifungua mbele kabisa, kwenye ule ukurasa ambao hauna kitu ila mstari mmoja.

"Soma wewe. Kwa sauti."

Shule yangu mimi iliishia darasa la saba, na miwani sikuwa nayo karibu. Nikasoma polepole, kidole chini ya maneno:

"Kwa mke wangu, uliyesoma kila ukurasa kabla ya wote, na ukaningoja."

"Umeona, Mama? Ameandika mke wangu! Mke wangu!"

Jamani, nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nayaandika haya kwa wenye mabinti, maana vigelegele vile vinanikwaruza koo mpaka leo.

Binti yangu anauza vitabu kwenye duka la watu. Kila mwaka, likizo ya msimu wa baridi ikikaribia, anachukua chaki anaandika kwenye ubao wa mlangoni: VITABU VINAVYONGOJWA KWA HAMU. Watu wanasoma ubao, wanaacha majina yao, na kitabu kikifika wanawekewa. Basi kwa miaka mitatu mfululizo, namba moja kwenye ubao ule ilikuwa riwaya ya mtu mmoja tu. Nyumbani tulimwita Mwandishi.

Alianza kuja dukani kama mteja. Kisha akaja na karatasi alizoandika kwa mkono.

"Nisomee, mpenzi. Una jicho kali wewe."

Mwanangu akawa anasomea pale kwenye meza yangu ya jikoni, penseli sikioni kama fundi seremala. Sura moja inaisha, inaletwa nyingine. Hapa anafuta neno, pale anaandika "huyu ulishamuua sura ya nne, amefufuka lini?" Mimi namwangalia nacheka. Nilidhani naangalia ndoa inajengwa.

Nilimsikia mara nyingi akimwuliza kwenye simu:

"Sasa unakuja lini kwetu?"

"Kitabu kikitoka. Nataka nije na heshima yangu, nisije kama mtu aliyepotea njia."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana mchapaji aliniangusha. Wewe mwenyewe umeona."

Kweli ulipita mwaka, kitabu kikafutwa ubaoni. Ukapita wa pili. Mwanangu akatimiza miaka thelathini na mmoja. Katikati hapo alitokea fundi saa mmoja, kijana mtulivu, amebisha kwetu mara mbili. Mwanangu akaniuliza amjibu nini. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Mwambie una mtu."

Hofu ilipozidi nikampigia Mwandishi mwenyewe.

"Mwanangu, mbona huonekani? Hata sura yako naijua kwa picha tu."

"Shikamoo, Mama mkwe! Vuta subira kidogo. Ukurasa wa tabaruku utasema yote."

"Tabaruku ndiyo kitu gani?"

"Ule ukurasa wa mbele, Mama. Mwandishi anamtaja aliye moyoni mwake, dunia nzima isome."

Niliposikia tabaruku, mimi nikaelewa baraka. Na aliponiita mama mkwe, nikaishiwa maswali. Mtu mzima mzima, nimenunuliwa kwa neno.

Sasa siku ile ya vigelegele, mwanangu alimtumia meseji nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake:

"Nimeuona ukurasa. Nimelia. Ni mimi kweli?"

Jibu lilikuja upesi:

"Nani mwingine amesoma kila ukurasa?"

"Umeona, Mama?"

"Nimeona, mwanangu. Mungu si Athumani."

Soma tena lile jibu, wewe unayesoma hapa. Hakusema ndiyo. Ameuliza swali. Sisi tukajijibu wenyewe.

Jumamosi yake ndiyo ilikuwa siku ya kukizindua kitabu pale dukani, wasomaji waje wasainiwe nakala zao kabla ya likizo. Mwanangu alipanga viti mwenyewe. Mimi nikavaa nguo yangu ya harusi za watu, nikakaa mstari wa mbele, nimejaa kiti kama mwenye shughuli.

Mwandishi akaingia. Mrefu, skafu shingoni, tabasamu la kugawa. Nyuma yake mwanamke mnene kidogo, mpole, amebeba boksi la vitabu. Akaketi kando ya meza, akaanza kupanga nakala. Nikamwonea huruma, nikamsogelea.

"Pole na mzigo, mwanangu. Wewe ni wa kiwandani, kwa wachapaji?"

"Hapana, Mama. Mimi ni wa nyumbani."

Wa nyumbani! Nikajua ni msichana wake wa kazi. Nikamwambia, "Basi umpikie vizuri mkwe wangu." Kelele zilikuwa nyingi, hakunisikia, akatabasamu tu.

Foleni ikaanza. Mwanangu, ambaye angeweza kusainiwa wa kwanza, aliwapisha wateja. Ilipofika zamu yake akaweka nakala yake mezani.

Mwandishi hakuinua macho. Akaandika haraka, akaisukuma. Mwanangu akasoma kwa sauti ndogo:

"Kwa msomaji wetu mpendwa."

Akabaki ameishika.

"Msomaji?"

"Watu ni wengi, dada. Tutaongea baadaye."

"Umeniita dada?"

"Tafadhali. Foleni."

Damu ilinipanda. Nikainuka.

"Mwandishi! Mkwe wangu! Hata salamu huna?"

Yule mwanamke wa boksi akainua kichwa.

"Mkwe?"

"Utani tu," Mwandishi akadakia, anacheka peke yake. "Mama huyu ni mcheshi sana."

"Utani na nani? Umeniona nacheka?"

Mwanangu akanishika mkono, kama anayemzuia mtu asivuke barabara. Kisha akamgeukia yule mwanamke, kwa adabu, kama anavyozungumza na wateja.

"Samahani, dada. Wewe ni nani wake?"

"Mke wake. Huu mwaka wa tisa."

Mwanangu akainua nakala yake.

"Hiki kitabu umekisoma?"

"Mimi?" Mke akacheka, bado hajaelewa. "Hata ukurasa mmoja! Mimi nikishika kitabu nasinzia. Hata haya maneno aliyoniandikia hapa mbele, nilimwambia, mume wangu umenisingizia, mimi nimesoma wapi?"

Mwanangu akafumba macho. Alipoyafumbua akatoa simu, akaitafuta ile meseji, akamwekea mbele yake.

"Basi tugawane, dada. Mke ni wewe. Aliyesoma ni mimi. Kungoja, tumengoja wote wawili."

Mke akaisoma. Kidole chake kikaanza kupandisha juu, meseji za mwezi uliopita, za mwaka uliopita. Mpenzi. Nitakuja kwenu. Vuta subira. Uso wake ulikuwa unazeeka tunauona.

"Nisikilize," Mwandishi akasema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kumwumiza mtu. Ndiyo maana sikutaja jina. Nilitaka kila mmoja ajione."

"Ehe," mke akasema. "Kwa hiyo umeandika mstari mmoja, ukaoa wawili."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akajiziba mdomo.

"Mke wangu, twende tukaongee nje."

"Usiniite hivyo. Kwanza sijui unamwita nani."

Akarudisha simu kwa mikono miwili, akamtazama mwanangu. Nilijiandaa kwa matusi. Ningekuwa mimi, ningetukana.

"Pole, mdogo wangu."

"Pole na wewe, dada."

Akachukua mkoba wake, akatoka, boksi akaliacha. Mwandishi akainuka mbio, kiti kikaanguka. Naandika ukweli hata kama unauma: alimkimbilia mke wake. Kwa mwanangu hakugeuka, wala hakusema neno. Miaka mitatu ya penseli, na mlango ukajifunga kwa upepo.

Nikamfuata mpaka kizingitini, nikapaza sauti, "Hayawani wewe! Umesoma vitabu vyote hukukuta neno aibu?" Mtaa ukageuka kuniangalia mimi. Yeye alishapinda kona.

Niliporudi ndani, mwanangu alikuwa ameinua kile kiti, amesimama nyuma ya meza. Bibi mmoja wa foleni, kofia ya sufu kichwani, aliuliza kwa woga:

"Binti, bado mnauza? Nilikuwa nakisubiri mwaka mzima."

"Tunauza, bibi."

"Na ni kizuri?"

Mwanangu akakigeuza kitabu, akapangusa jalada kwa mkono wa sweta.

"Kizuri, bibi. Utakipenda."

Akamfungia kwenye karatasi. Akamfungia na wa nyuma yake. Likizo ile nzima hakuna kitabu kilichouzwa kama kile, na kila nakala ilipita mikononi mwake. Nilimwambia aombe ruhusa, akaniambia, "Mama, nikikaa nyumbani nitakaa kwenye meza ipi?"

Meza ni ileile moja.

Mama mwenzangu, binti akikwambia ana mtu, usiulize kama mimi, anakuja lini. Uliza anaishi wapi, uvae viatu uende, ubishe hodi uone nani anafungua. Mimi miaka mitatu nilikaa nangoja nibishiwe hodi, na nyumba ya Mwandishi, kumbe, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.