Sauti ya Rehema

Mwanamke alisikika akiimba nyuma ya saksofoni ya Iliasi, kwa sauti ya chini kabisa, kama anayebembeleza mtoto chumba cha pili. Apolline, aliyekuwa akirekodi, alivua polepole vipokea sauti masikioni.

"Iliasi, kuko mutu aliingia humu?"

"Hapana. Labda ni mama, anapika."

Lakini Rehema, mama yake, alikuwa sokoni tangu asubuhi. Aliporudi alilalamika koo linamkwaruza.

Hiyo ilikuwa albamu ya kwanza ya Iliasi, na Kasongo nzima haikuwa na mpiga saksofoni mwingine. Hakutaka kuisimamisha. Na kusema kweli sauti ile ilikuwa tamu. Ilijua kila kona ya wimbo kabla yeye hajafika. Wakarekodi wa pili, wa tatu, wa nne. Kila wimbo ulipokwisha chumba kilinuka matope ya mtoni, ijapokuwa ilikuwa kiangazi, na sauti ile ilizidi kuwa wazi huku ya Rehema ikizidi kukauka, mpaka alasiri moja Iliasi, akisikiliza wimbo wa nne, akamsikia yule mwanamke akimwita kwa jina, kwa namna ambayo mtu mmoja tu duniani humwita, akakimbilia jikoni, akamkuta mama yake amemkabili, midomo inacheza, na hakuna kinachotoka.

Mama Latifa, anayetibu wenye majini, aliletwa kwa pikipiki kutoka Nyangwe. Alisikiliza zile nyimbo kidogo tu, akazima.

"Jini iko ndani ya hizi nyimbo. Inakula sauti, kiisha itakula pumzi. Mukizifuta, itatoka."

"Na sauti ya mama itarudi?" Iliasi alinong'ona.

"Ile siwezi kukuahidi, mwana wangu."

Iliasi aliweka kidole kwenye kompyuta, asiweze. Humo tu ndimo sauti ya mama yake ilimobaki. Rehema akasogea, akajisikiliza akiimba hadi mwisho, machozi yakimtiririka. Kisha akakibonyeza kidole cha mwanawe, nyimbo zikafutika.

Harufu ya matope ikapita mlangoni kama mtu aliyelowa. Kuku wakatawanyika uani. Mama Latifa akasoma dua mpaka pakatulia.

Rehema anakula, anakwenda sokoni. Sauti haikurudi. Chakula kikiiva husimama mlangoni na kupiga makofi, naye Iliasi huitikia, "Naam, mama," kwa nguvu, kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno.