Sauti ya Angetile Ukumbini

Soko la Kyela lilikuwa limefurika, lakini Angetile aliwaacha wateja wagonge vyungu wenyewe. Macho yake yalikuwa kwenye tamthilia ya simuni. Kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa akachungulia begani kwake.

"Atamsamehe mumewe?"

"Akimsamehe siweki bando tena. Na wewe, kaka, nunua chungu au usinizibie mwanga."

Akanunua. Aliitwa Deusdedit, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akitafiti tamthilia za televisheni na za mtandaoni kwa ajili ya shahada yake. Alimweleza kuwa wasomi wa zamani waliuliza tamthilia inawafanya nini watazamaji. Siku hizi wanauliza watazamaji wanaifanya nini tamthilia. Hilo lilimwingia Angetile moyoni. Mahojiano yakazaa matembezi ya ufukweni Matema, matembezi yakazaa simu za kila jioni. Angetile akamrekodia sauti: "Deusi wangu, usipokuja nakauka kama udongo uliosahauliwa juani."

Siku ya kuwasilisha utafiti chuoni, Deusdedit alimsihi atazame mtandaoni. Angetile akavaa kitenge kipya, akawaita wenzake wa sokoni. Wakaisikia sauti yake ikichezwa ukumbini.

"Mshiriki huyu ni muuza vyungu," Deusdedit akaeleza. "Hata mapenzi yake ameyaazima kwenye tamthilia."

Ukumbi ukacheka. Maneno yale Angetile aliyafinyanga mwenyewe.

Deusdedit alirudi na pete, akaomba kumuoa. Angetile akamuuliza kama amewaambia waliocheka kwamba alikosea.

"Nikisema hivyo shahada inaanguka, mpenzi. Tuoane kwanza. Nikihitimu nitasahihisha."

Angetile alipangusa chungu, taratibu.

"Mpigie baba yako," akasema. "Ya video."

Deusdedit akapiga mbio mbio, akisema huyu ndiye mkweo. Nancy, jirani wa meza, akamrushia Angetile khanga ajifunike, maana kwa Wanyakyusa mwanamke aliyekubali kuolewa hatazamani na baba mkwe, humkimbia. Angetile akaisukuma khanga kando. Akamkazia mzee macho, uso wazi.

"Shikamoo, mzee. Habari za Bukoba?"

Nancy akainamisha kichwa. Wanawake wa meza za karibu wakatazamana; jibu walikuwa wameshaliona.

"Baba, umeona adabu yake?" Deusdedit akacheka kwa furaha. Akaondoka akipiga mluzi kwenda kutafuta mshenga, na sokoni pale hapakuwa na mtu aliyemwita arudi.