Dawa Aliyoipima kwa Mkono

"Umesikia ya yule dada wa programu ya dawa? Eti hesabu zake zinawazidishia watoto dawa! Kuna kichanga kimelazwa, hata kunyonya hakiwezi!"

Mteja wangu alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti yangu, namsuka. Hakujua kwamba huyo dada anayemsema ni binti yangu wa kumzaa...

Vidole vikagoma.

"Nani kakwambia?"

"Habari imetoka ofisini kwao kabisa. Aaah, mama, unanivuta nywele!"

Nilimvuta, ndiyo. Na sijutii!

Jamani, mimi shule yangu iliishia msingi, nikikosea kuandika mnivumilie. Lakini kama una mtoto mdogo nyumbani, soma hadi mwisho. Hasira bado zimenikaa hapa kooni.

Binti yangu anatengeneza programu za simu kwenye kampuni moja. Hii ya dawa aliitengeneza na rafiki yake kwa ajili ya kliniki. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, simu inamwambia avute mililita ngapi kwenye bomba la kunyweshea dawa. Basi, kazi yake ni hiyo tu.

Binti yangu alishika hesabu za ndani. Rafiki yake alishika kile mtu anachokiona kwenye kioo: rangi, vitufe, ukubwa wa maandishi.

Huyo rafiki tulimwita Pacha, maana walivyogandana hata viatu walivaliana. Kwangu anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anakula. Ananiita mama. Alipojifungua, akiwa kazini mtoto nakaa naye mimi. Bure! Ningemtoza nini mjukuu wangu?

Basi, maneno ya yule mteja yakanifuata jikoni, yakanifuata bafuni, kila nikilala yako sikioni. Kichanga hata kunyonya hakiwezi... Nikaona nitapasuka. Nikamfuata binti yangu chumbani.

"Ni kweli wanayosema?"

Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mtoto yupo wodini, mama. Alizidishiwa dawa ya homa. Bosi anasema hesabu ni zangu, kwa hiyo kosa ni langu. Wamenisimamisha. Hata kuifungua programu kwa ndani siwezi tena, wamebadilisha nywila."

"Na kosa ni lako?"

"Sijui, mama! Si ndiyo ninalitafuta!"

Lile "sijui" lilinichoma kuliko angesema ndiyo. Mwanangu huyu tangu mdogo hakuwahi kutojua hesabu!

Akapanga simu kwenye meza ya kulia chakula. Yake. Yangu yenye kioo kilichopasuka. Na kisimu kimoja kidogo cha bei rahisi, kama vile wanavyotumia kliniki. Akaanza kuingiza kilo za watoto ambao hawapo.

"Dawa ya zamani, kila kilo moja ya mtoto inataka mililita moja. Kilo tano, mililita tano. Sawa. Hapa hakuna shida."

"Sasa mtoto wa watu kaumizwa na nini?"

"Kuna chupa mpya zimekuja, kali zaidi. Hizi kilo moja inataka nukta sita tu, yaani nusu mililita na kidogo. Mtoto wa kilo tano anatakiwa apate tatu. Haya, ona simu inasema nini."

Nikavaa miwani.

Tano!

"Tano badala ya tatu?"

Akaingiza dawa nyingine, inayotaka nukta nne kwa kilo. Simu ikasema sifuri.

"Sifuri? Mtoto apewe hewa?"

"Hiyo ni afadhali, mama. Muuguzi akiona sifuri atajua ni upuuzi, atapima mwenyewe. Lakini tano? Tano inaonekana namba ya kawaida kabisa! Anavuta, anampa mtoto, anaandika amempa!"

Akasimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Wameukata mkia mwanzoni!"

"Mkia gani tena? Ongea na mimi kama mama yako!"

"Mama, simu haijui kuhifadhi nukta sita sawasawa. Inabaki na mkia, sifuri nyingi halafu vitakataka huko mwisho. Wauguzi wakalalamika kwamba mkia unawajazia kioo. Nikasema tuukate mwishoni, hesabu ikishakamilika. Sasa mtu ameukata kabla ya kuzidisha! Nukta sita imesogezwa kwenye namba kamili iliyo karibu, ikawa moja, ndiyo ikazidishwa na kilo. Nukta nne imefanywa sifuri!"

"Na hamkuijaribu?"

Akainamisha kichwa.

"Programu iliporudi imekatwa mkia, tuliijaribu kwa dawa ya zamani tu. Moja kamili ukiikata mkia inabaki moja. Kila jibu lilitoka safi, tukapongezana."

"Nani aliyeukata?"

Akakiinua kiti kilichoanguka.

"Anayeshughulika na kioo ni Pacha. Lakini hapana, mama. Pacha kanipigia simu analia! Asingeweza."

Asubuhi Pacha huyo hapo mlangoni na mtoto wake mgongoni.

"Pole mama. Dada anaendeleaje? Tunamwombea sana kule ofisini."

Mtoto alikuwa ametoka kuchanjwa. Pacha akatoa kwenye mkoba bomba la dawa, limeshavutwa, limefunikwa vizuri.

"Akichemka mpe hii. Nimeshapima mwenyewe."

"Si niingize kilo zake kwenye simu kama siku zote?"

"Aaa, mama, usihangaike na simu. Mpe hiyo hiyo."

Hakunitazama usoni. Akaondoka mbio kama anayefukuzwa.

Nikaliinua lile bomba dirishani. Mililita tatu. Mtoto ana kilo tano, na chupa iliyobaki kwenye mkoba wake ni ile mpya. Nikaiuliza simu. Simu ikasema tano.

Nyie! Nilisikia moto unapanda kutoka kwenye nyayo!

Wa kwake anampimia kwa mkono! Wa wenzake waachwe na simu!

Nikamwamsha binti yangu, nikamwonyesha. Akaketi kitandani, machozi yakamtoka bila sauti.

"Bosi hataniamini. Atasema namsingizia."

"Mimi siendi kuaminiwa. Naenda kuuliza swali. Vaa twende!"

Nikaingia jikoni nikafanya yangu, nikambeba mtoto, tukaondoka.

Ofisini kwao kuna chumba cha vioo, baridi kama ndani ya jokofu. Bosi amekaa, Pacha amekaa, na mbele yao mama mmoja wa sare nyeupe, muuguzi mkuu anayesimamia kliniki zote. Alikuja kuuliza kama waendelee na ile programu au waiache.

Nikamkuta bosi katikati ya maelezo yake.

"Imesharekebishwa, mama muuguzi. Aliyekosea tumemwondoa. Endeleeni kuitumia bila wasiwasi."

"Hodi!"

"Mama, hapa kuna kikao..."

"Naona. Sichukui muda. Mtoto anachemka. Simu yenu imesema mililita tano. Nampa."

Nikatoa bomba. Nikaweka ncha yake kwenye mdomo wa mtoto.

Pacha akaruka juu ya meza kama paka aliyemwagiwa maji!

"USIMPE! Mama, usimpe! Ni tatu! Ni tatuuu!"

Nikalitoa bomba mdomoni mwa mtoto.

Muuguzi mkuu akavua miwani taratibu.

"Dada, si mmesema imesharekebishwa?"

Pacha akanyoosha mikono kumfikia mtoto.

"Kama imerekebishwa, kwa nini wako asipewe tano?"

Mimi nikamgeukia bosi. Nilijua atashtuka. Nilijua atamfokea Pacha, atamwomba radhi mwanangu, yaishe.

Thubutu!

Bosi alimkazia macho Pacha, akamsema kwa kubana meno, lakini tulimsikia wote.

"Si nilikwambia umtoe huyo mtoto kwa yule mama mpaka toleo jipya litoke?"

Kumbe alijua!

Wote wawili walijua! Mwanangu ndiye waliyemfanya jalala la kutupia uchafu wao!

"Mlijua?" Muuguzi akasimama. "Mlijua, na mmeniambia tuendelee?"

"Mama muuguzi, tuelewane. Tukiizima leo kliniki zote zitatukimbia. Toleo jipya liko njiani, ni jambo la kusubiri kidogo tu..."

"Usubiri wewe! Wodini kwangu kuna watoto wanameza namba zako!"

Akatoa simu yake palepale, akapiga kliniki moja baada ya nyingine.

"Zimeni ile programu. Wote. Pimeni kwa mkono, wawili wawili, mmoja apime mwingine ahakikishe. Sasa hivi!"

Mimi nikachukua glasi ya bosi, nikaliminya lile bomba ndani yake.

Maji. Maji ya kuchemsha! Dawa niliimwaga kule jikoni. Mtoto mwenyewe hakuwa na homa hata chembe, ananichekea na fizi zake.

Pacha akaanza kulia.

"Mama, nisamehe. Niligundua mtoto wa watu alipolazwa. Nikaogopa. Bosi akasema nikinyamaza kazi yangu iko salama."

"Uliogopa, sawa. Na kule mtaani nani alisambaza kwamba ni mwanangu?"

Akafunika uso.

"Ulikula kwenye sufuria yangu, ukaenda kumpaka mwenzako damu ya watoto?"

Nikamkabidhi mtoto wake.

"Mshike mwanao. Kwako nimemaliza kulea."

Binti yangu alimfuata muuguzi mkuu mlangoni, akamwuliza jambo moja tu. "Yule mtoto anaendeleaje?" Muuguzi akamwambia ameanza kunyonya. Hapo ndipo mwanangu alipokaa chini sakafuni, pale pale koridoni, akalia kwa sauti. Nilikaa naye. Waliotaka kupita walituruka.

Sasa hivi anaitengeneza upya kwa ajili ya kliniki, bila wale. Lakini mpaka leo kuna watu mtaani wanamnyooshea kidole. Waliobeba uongo hawana muda wa kubeba ukweli. Ndiyo maana nimeandika.

Haya, mambo ya kuepuka:

Usimpe mtoto dawa kwa sababu tu simu imesema. Soma chupa, muulize muuguzi. Chupa zikibadilika, uliza tena.

Usikubali "tumeijaribu" ya mdomo. Uliza walijaribu kwa namba gani. Namba kamili peke yake haimjaribu mtu wala simu.

Vijana mnaotengeneza hizi programu, msikate mkia wa namba katikati ya hesabu. Maliza hesabu, ndipo ukate, na ukate kwenye kioo tu.

Usitumie kitu ambacho aliyekitengeneza hakitumii kwa mwanawe.

Usisambaze habari ya mtu kwa sababu imetoka ofisini kwao. Huko ofisini ndiko aliko aliyeitunga.

Usifiche kosa kwa kusubiri toleo jipya. Mtoto hana toleo jipya.

Na msiniletee maneno ya kumwombea Pacha msamaha. Nendeni kwanza kwa mama wa yule mtoto aliyelazwa, mkamwombe yeye.