Kovu la Hanazuru

Enzi zile mabwana wa upanga walipoutawala mji wa Edo, huko Japani, wanawake waliouzwa kwa nyumba za starehe walifungiwa katika mtaa wa Yoshiwara, uliozungukwa na handaki la maji na wenye lango moja tu. Wanaume waliingia na kutoka watakavyo. Mwanamke hakutoka bila kibao cha ruhusa.

Aliyesifika kuwapita wote humo alikuwa Hanazuru. Siku moja mchoraji Tokusai alimletea picha yake, iliyopigwa chapa kwa mbao za kuchonga ili iuzwe nchi nzima. Hanazuru akaitazama, akakasirika.

"Mwalimu, huyu ni nani? Mama yangu akimwona atampita bila kumtambua."

"Bibi, sisi huchora uso mmoja kwa wanawake wote," Tokusai akajibu. "Watu humjua mtu kwa nembo ya kimono chake."

"Basi mimi nichore mimi. Na hili kovu la kidevuni usiliache."

Wachongaji walinung'unika, lakini kovu likachongwa. Watu nao, kwa kupenda jambo geni, wakazigombania picha hizo hadi vijijini.

Mwaka uliofuata mchuuzi wa hariri akaja na ujumbe kutoka kaskazini. Mama yake Hanazuru ameiona picha sokoni, amemtambua, ameinunua. Ni mgonjwa sana. Aje upesi.

Hanazuru aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akachekwa. Basi akavua hariri, akafuta poda, akavaa joho kuukuu la Oyone, mshonaji wao, aliyemwazima na kibao chake. Langoni aliinamisha kichwa. Mlinzi, mzee Kanbei, alikikagua kibao, akamrudishia.

"Haya, pita, mama."

Moyo ukamjaa shukrani. Kwa adabu aliyofunzwa tangu utoto, akainua uso kumshukuru.

"Ala! Bibi Hanazuru!" Kanbei akapaza sauti. "Mke wangu amekubandika ukutani kwetu! Jamani, njooni mumwone!"

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Alifurahi tu. Lakini miongoni mwa waliokuja mbio walikuwamo watumishi wa nyumba yake, wakamrudisha ndani. Mwenye nyumba hakumpiga. Aliagiza picha zaidi, akabandika moja pale langoni ili kila mlinzi amjue.

Theluji ilipoyeyuka mchuuzi alirudi. Alimkabidhi Hanazuru ile picha aliyoiacha marehemu mama yake, na uso wote ulikuwa umefutika kwa kupapaswa.