Mlio Asiousikia Kiraka

"Hakuna mlio wowote hapo!"

"Upo!"

"Nimesema haupo. Masikio haya yana kazi hii tangu hujazaliwa."

"Upo, baba. Mwembamba kama mbu. Unasikika waimbaji wakivuta pumzi."

Baba akavua hedifoni, akamkazia binti yake macho. Walikuwa studio, yaani chumba cha nyuma ya nyumba, trei za mayai zimebandikwa ukutani, blanketi zito limening'inia mlangoni. Mtaani baba huyu anaitwa Kiraka, kama mchezaji anayecheza namba zote. Leo anarekodi muziki wa vijana, kesho tangazo la sabuni, kesho kutwa kwaya. Gitaa anapiga, kinanda anapiga, mashine anaendesha mwenyewe. Jioni hiyo mwalimu wa kwaya angekuja kuchukua wimbo wake, na Kiraka hakuwa na hamu ya kufundishwa kazi na mtoto wa darasa la sita.

"Haya, tupimane." Akageuza kiti, akaipa mashine mgongo. "Washa mlio mmoja mmoja, toka mzito kwenda mwembamba. Nikisikia, nanyoosha mkono."

Binti akawasha. Mkono juu. Akapandisha. Mkono juu. Akapandisha tena, mlio ukamchoma mpaka akakunja uso. Mkono wa baba umetulia gotini.

"Bado hujawasha?"

Binti akautazama mgongo ule, na shati lililopauka begani pale mkanda wa gitaa unapokaa. Kusema "bado" kulikuwa rahisi mno.

"Nimewasha, baba. Unalia sasa hivi."

Kiraka akageuza kiti, akaiona taa ya mashine inawaka.

Mwalimu wa kwaya akaingia kwa kishindo. "Kiraka, nipe mali yangu! Waimbaji wananipigia simu mpaka basi!"

"Mwalimu, kazi ina kasoro. Kuna mlio ndani, mimi siusikii. Huyu anausikia."

Mwalimu akaguna. "Kumbe! Juzi nimekuita sokoni ukanipita kama nguzo, nikasema huyu siku hizi anaringa." Wakacheka, hata Kiraka. "Bora umesema. Ungenipa hivyo hivyo, nisingerudi. Rekebisha, nasubiri."

Binti akasogeza kiti. Yeye anasikiliza, baba anapunguza, mpaka binti akaitikia kwa kichwa: umekwisha. Mchawi alikuwa chaja kuukuu iliyolala karibu na maiki. Wakaitupa.

Asubuhi walienda kwa daktari wa masikio. Makelele ya miaka mingi yamemharibu masikio; kilichopotea hakirudi, alisema, ila kilichobaki kinatunzika. Walipofika njia panda ya shule, hedifoni shingoni mwa binti zilikuwa zinapiga kelele mpaka wapita njia wanageuka. Baba akasimama.

"Mama, mimi nilidhani spika ikitikisa vioo ndiyo ufundi. Hakuna aliyeniambia. Wewe nakwambia: sikio haliuzwi dukani. Mtu wa pembeni akikuita usimsikie, umezidisha. Punguza. Na jana ungenidanganya ili unifurahishe, ningeendelea kuharibu kazi za watu na masikio yangu. Iliniuma, lakini ukweli wako ndio umenipeleka kwa daktari. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, baba."

Akamgusa kichwani, akageuka, akashika njia ya studio, sandali zikipiga kapa, kapa. Binti akazima muziki, akazisikiliza mpaka zikapotelea konani.