Mwanakhamis Aitaja Saratani

Kuze ni mtaa wa vichochoro. Ukipiga chafya sebuleni kwako, jirani hukuombea rehema akiwa jikoni kwake. Hata hivyo, Mwanakhamis aliamini kuwa yeye ana siri.

Mwanakhamis alikuwa mjane. Alidarizi kofia za vito, zile za vitundu vidogo vidogo, na kofia hizo ndizo zilizomsomesha binti yake, Nasiha. Mwaka huu Nasiha alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Nyumba ingejaa vigelegele, lau si saratani ya titi. Matibabu ya mama yalikuwa yamemeza akiba yote. Tena dawa zilimtia ganzi vidoleni, sindano ikawa inamponyoka.

Majirani wakimuuliza, alisema, "Ni vidonda vya tumbo tu." Aliona haya kulitaja titi. Pia aliogopa watu wasije wakamkimbia binti yake wakati wa posa.

"Mama, nitangoja mwaka mwengine," Nasiha alisema asubuhi moja. "Kuna kazi ya duka kule Mwembe Tayari."

"Kazi ya duka haikimbii," mamake alijibu. "Nafasi ya chuo hukimbia." Akageuza uso, maana chozi lilikuwa linamtoka.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja hospitalini. Loise, afisa wa ustawi wa jamii, alimwona Nasiha amenuna. Akamuuliza kulikoni. Nasiha akamweleza.

"Mbona hamkuniambia?" Loise alisema. "Kuna mfuko unaosomesha vijana ambao mzazi wao ana saratani. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Kuomba ni bure. Mtu akitaka umpe chochote ili akupitishe, huyo ni tapeli. Ukikubaliwa, ada inapelekwa moja kwa moja chuoni."

"Wataka nini kwetu?" Mwanakhamis aliuliza.

"Barua ya chuo na ripoti ya daktari. Nasiha aandike mwenyewe jinsi ugonjwa ulivyobadili maisha yenu. Kisha mtu mzima wa mtaani, asiye jamaa yenu, athibitishe."

Nasiha aliandika palepale: "Mamangu haumwi sana. Alhamdulillahi, hatuna shida."

Loise alisoma, akatabasamu. "Hii ndiyo adabu ya kwenu, naielewa. Lakini atakayesoma ni mgeni kwenu. Ukimwambia huna shida, atakuamini, na nafasi atampa mwingine. Kusema kweli si kuombaomba."

"Nitasemaje, na mama hataki isemwe?"

Mwanakhamis alipokea karatasi ya kuthibitisha, wakaondoka. Njia nzima aliwaza. Mtu wa kuthibitisha alikuwa mmoja tu: Bi Mejumaa, mwalimu wa madrasa, ambaye mlango wake ulitazamana na wao. Naye pia alikuwa ameambiwa ni tumbo. Amtie mwalimu katika ushahidi wa uongo? Au mtoto akose masomo kwa sababu ya haya za mamake?

Alasiri alijitanda buibui, akavuka kichochoro. "Hodi!"

"Karibu, shoga. Tumbo lasemaje leo?"

Mwanakhamis aliketi mkekani. Aliogopa kwelikweli. "Si tumbo, Bi Mejumaa. Nina saratani ya titi."

Bi Mejumaa akaweka kikombe chini. "Twajua."

"Mwajua?"

"Vidonda vya tumbo havinyonyoi nyusi, mwanamke weye! Twajua tangu mwezi wa Rajabu. Tuliona wataka sitara, nasi tukakusitiri. Nikikuuliza tumbo, nauliza hilohilo."

Mwanakhamis akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Nami nilidhani mtanikimbia!" Ndipo akamweleza habari za mfuko na karatasi inayotaka sahihi.

"Tukimbie nini? Saratani haiambukizi. Leta hiyo karatasi nitie sahihi. Ila ungesema mapema, tungekuwa twakupikia."

Nasiha aliandika upya. Safari hii aliandika juu ya sindano inayomponyoka mamake, na yeye binti anavyoiokota na kuendelea kudarizi mahali pa mamake. Walipeleka maombi mapema, hawakungoja siku ya mwisho. Nasiha aliitwa kwenye mahojiano, akajibu bila kigugumizi. Mfuko ukamkubali.

Leo Nasiha yuko chuoni, anasomea uuguzi. Bi Mejumaa huja alasiri kusaidia kudarizi. Hodari wa kusomesha, lakini mishono yake huenda upande, na Mwanakhamis huifumua mwalimu akishaondoka. Matibabu bado yanaendelea, ila sasa sufuria za majirani huingia mlangoni bila hodi.

Wiki iliyopita, kliniki, mwanamke mgeni aliketi karibu na Mwanakhamis. Alikuwa amevuta mtandio hadi kwenye nyusi.

"Mimi ni tumbo tu," alisema, wala hakuna aliyemuuliza.

Mwanakhamis akamsogelea. "Hata langu lilikuwa tumbo," alimwambia. "Je, una mtoto wa kusomesha?"